Risala Iliyosahau Jiko

Shija aliponipigia simu kunieleza kwamba mama yake amefariki, alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akaniomba jambo lililonitisha kuliko hata ule msiba wenyewe. "Mama Mdogo, wasifu wa mama tunaomba uandike wewe. Kulwa na Doto nao wamesema hivyo hivyo. Mama alikuwa anasema katibu wake ni wewe, hana mwingine." Nilikubali haraka, maana mfiwa hakataliwi. Nikakata simu, nikakaa kitandani hapa nyumbani kwangu Shinyanga na kalamu mkononi, mwalimu mstaafu niliyesahihisha insha za watoto wa watu miaka thelathini, nikashindwa kuandika hata mstari mmoja. Mara ya mwisho kumwandikia Mama Kulwa kitu cha kusomwa mbele ya watu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilimwangusha. Hakunilaumu sana. Ndiyo maana sijasahau.

Mwaka ule niliishi machimboni, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kharumwa, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne ambayo, yalipofika, hayakuwa ya kutangaza. Nilifikaje huko na kwa nini sikuwa kwetu ni habari nyingine, tena haina utamu. Nilipewa chumba nyumbani kwa Mwalimu Budodi, mzee mjane aliyefundisha siasa chuoni miaka mingi. Somo la siasa lilipoondolewa kwenye ratiba, naye akaondoka nalo. Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, vyumba viwili na sebule. Sebuleni kulikuwa na rafu ya vitabu vilivyovikwa karatasi za kaki, vimenyooka kama askari gwarideni, na redio ambayo betri zake tulizianika juani kila mchana ili zipate nguvu ya taarifa ya habari. Jikoni paa lilikuwa la nyasi, linavuja, na ukutani aliegemeza mabati mawili mapya aliyoyatunza kwa ajili ya kuliezeka "mvua zikikaribia." Mvua zilikaribia, zikaja, zikaondoka, mabati yakabaki pale pale. Mwalimu alikuwa mtu wa mambo makubwa. Tulipokula ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu: usawa ni nini? Je, mtu anaweza kuwa huru peke yake? Nilimpenda kwa hilo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuningoja nifikiri.

Mchana nilikuwa kwa Mama Kulwa. Alipika chakula cha wachimbaji kando ya mwalo, yaani pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, chini ya banda la maturubai, na mimi niliosha vyombo na kupakua. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye pacha wa miaka minne waliokuwa wakikimbizana katikati ya masufuria, na tumboni alibeba wa tatu, ambaye kwa desturi yetu Wasukuma jina lake lilishajulikana kabla hajazaliwa: anayefuata pacha ni Shija. Jiko lake lilikuwa la mkaa, kubwa, halizimiki tangu alfajiri. Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Wachimbaji walichanganya mchanga wao na zebaki, wakaikamua kwenye kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha kijivu, halafu kidonge hicho kinachomwa, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Walikichomea kwa Mama Kulwa. Walikuja na kijiko au kifuniko cha kopo, wakasema kwa adabu kabisa, "Mama, tupatie moto," wakachutama kando ya sufuria la maharage. Siku moja mtu alipata dhahabu nzuri pale, basi likasambaa neno kwamba jiko la Mama Kulwa lina nyota. Toka hapo hawakutaka kuchomea kwingine.

Muuguzi aliyekuja kupima watoto uzito ndiye aliyemwambia kwamba moshi ule ni sumu, na kwa mwenye mimba ni sumu mara mbili. Mama Kulwa hakupiga kelele. Alinisubiri tulipobaki wawili tukisugua masufuria kwa majivu, akasema, "Minza, mimi nataka jambo moja tu. Wajenge jiko lao kule kwenye kichuguu, upepo unakoelekea porini. Wachome huko. Basi."

"Si uwakatalie tu, mayu?" nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku ni giza. "Nikatae moto? Huwajui watu wewe. Kwetu moto haunyimwi. Nikiwanyima leo, kesho kifusi kikimwangukia mtu shimoni watasema ni mimi niliyemroga. Unajua wanawake wanaosemwa hivyo wanafanywa nini." Nilijua. Kila aliyekulia Usukumani anajua. Akaongeza, "Siombi makubwa. Nataka mtoto wangu azaliwe mzima."

Bahati ikaonekana imekuja. Tukatangaziwa kwamba mgeni rasmi kutoka wilayani atatembelea vikundi vya akina mama, na sisi tulikuwa na kikundi, na mimi, kwa kuwa ndiye pekee niliyefika kidato cha nne, nilikuwa katibu. Mgeni rasmi husomewa risala. Mama Kulwa akanishika mkono wangu wenye mapovu: "Liandike lile la jiko. Mkubwa akilisema yeye, nitakuwa sijamnyima mtu." Nikamwahidi.

Nikaenda nyumbani na karatasi zangu, na Mwalimu Budodi akafurahi kama aliyeitwa tena chuoni. Aliitoa kalamu yake ya wino, akavaa miwani, akasema risala ni chombo cha fikra, binti, si orodha ya manung'uniko. Tuliandika siku tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi ya jiko. Akaizungushia duara taratibu. "Hili ni dogo. Ukishasema utu, jiko limo humo humo ndani. Mtu akikubali msingi, hawezi kukataa jiko." Ningeweza kusema kwamba nilimtii kwa heshima ya uzee, lakini nimeshazeeka, sina haja ya kujidanganya. Niliona aibu. Niliona aibu kusimama mbele ya mtu aliyekuja na gari nikaanza kumweleza habari za jiko la mkaa. Maneno ya Mwalimu yalikuwa matamu mdomoni: utu, usawa, haki kwa wote bila kujali jinsia, dini wala kabila. Nikaifuta sentensi ile kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya siku nilivaa gauni la kuazima. Nilisoma kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na kila nilipotua makofi yalilia. Wachimbaji walipiga makofi. Wamiliki wa mashimo, ambao hawakuruhusu mwanamke kukanyaga karibu na shimo eti dhahabu itakimbia, walipiga makofi kwenye usawa wa jinsia, tena kwa nguvu. Mgeni rasmi alisimama akasema anaunga mkono risala yetu kwa asilimia mia moja, na kwamba hajawahi kusikia binti akizungumzia utu vizuri namna ile. Mwalimu Budodi alifuta miwani. Halafu mgeni, akiwa amefurahi, akasema angependa kuona kwa macho yake dhahabu inavyotoka. Wakamleta wapi? Wakamleta kwenye jiko lenye nyota. Pilau la mgeni lilikuwa bado limefunikwa kando ya makaa. Mama Kulwa akapisha, tumbo mbele, akasimama nyuma ya banda na pacha wake wameshika khanga. Kijana akashika kijiko juu ya makaa, moshi mweupe ukapanda, kidonge cha kijivu kikageuka njano, na watu wote wakapiga makofi tena. Mimi pia nilianza kupiga. Mikono yangu ilishakutana mara moja ndipo nikamwona.

Jioni ile tuliosha vyombo. Mwishowe akaniambia, kwa upole kabisa, "Umesema vizuri mno, Katibu. Nilisikiliza mpaka mwisho. Jiko langu lilikuwa wapi humo?" Nikamweleza kwamba limo ndani ya utu. Akacheka, akacheka mpaka akashika kiuno. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. Nikalia kwenye maji ya vyombo.

Nimeishi na swali lake muda mrefu, na sasa naliona kila mahali. Vijana niliowafundisha wananitumia ujumbe kwenye simu, kila mmoja na lake. Mmoja anapigania taulo za kike shuleni. Mwingine punda wasichinjwe. Mwingine miti ya Shinyanga isigeuzwe mkaa. Hakuna anayeniandikia kuhusu usawa mtupu, usawa wenyewe, kama Mwalimu alivyoniuliza kati ya tonge na tonge. Zamani nilikuwa nikinung'unika kwamba hawa watoto wana masuala lakini hawana imani. Siku hizi nawaelewa zaidi. Yale maneno makubwa yalipigiwa makofi na watu wote, pamoja na waliokuwa wakiyakanyaga, mpaka yakachakaa kama noti iliyopita mikono mingi. Unaweza kuunga mkono utu kwa asilimia mia moja huku umeshika kijiko. Jiko huwezi. Jiko ama limehamishwa ama liko pale pale, na mtu yeyote akitaka kujua anakwenda kutazama. Tena kikundi chetu kilikuwa na Wakatoliki, Waislamu, Waadventista na bibi mmoja aliyetambikia mizimu ya kwao. Tungejadili msingi tungeachana kabla ya chai. Kuhusu moshi wote tulikuwa na pua.

Aliyelifumbua fumbo la kukataa moto bila kuunyima ni Mama Kulwa mwenyewe. Wiki iliyofuata aliwakusanya akina mama wapishi, tukiwa saba, akawaeleza la kwake tu, bila kona. Asubuhi ya pili yake, wachimbaji walipokuja na vijiko vyao, walikuta majiko saba ya baridi na wanawake saba wamekaa wanatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. "Mama, tupatie moto."

"Moto? Karibu sana, mwanangu," alisema Mama Kulwa. "Hata mimi nautafuta. Ukiupata uniletee na mimi kaa moja."

Hakuwa amemnyima mtu. Asiye na moto hawezi kuitwa mnyimaji wa moto. Hata wazee wa pale waliokuja kuamua shauri walikaa wakakuna vichwa, mmoja akaanza kucheka. Siku ya kwanza wanaume walikula karanga. Siku ya pili walikula mihogo mibichi na wakaanza kugombana. Siku ya tatu, mchana, tuliwaona wamebeba mawe kuelekea kwenye kichuguu. Walipomaliza kulijenga jiko lao, Mama Kulwa akawasha la kwake, akapika maharage kwa nazi, kitu adimu kwetu, akampa kila mtu sahani iliyojaa. Miezi miwili baadaye Shija alizaliwa, mweusi tii, na sauti ya kuutosha mnada wa ng'ombe. Nilimbeba kabla hajatimiza siku moja. Nilimnusa kichwani, nikaona hanuki kitu isipokuwa maziwa.

Mwalimu Budodi hakufurahi kama nilivyotarajia. "Mmepata jiko," aliniambia akiwa ameegemea rafu yake. "Vizuri. Na mkishapata jiko?" Nilimjibu kwa ujeuri kwamba tukishapata jiko tunapika. Hakukasirika. Alisema tu, "Atakuja mwenzenu ambaye hana shida ya jiko. Ndipo utanielewa." Nilimwona mzee aliyeshindwa anayetafuta pa kujishikiza. Mungu anisamehe.

Maana alikuja kweli. Upande wa pili wa mwalo walikaa akina mama wa kuponda mawe, wanatwanga mwamba kwenye vinu vya chuma juani kutwa, watoto wao wamelazwa chini ya khanga iliyotandazwa juu ya vijiti. Mmoja wao, Mwajuma, aliyetoka Kigoma, mtoto wake aliugua kwa jua, akapona kwa shida. Wakaja kwetu wapishi. Walitaka kivuli. Waliwaomba wenye mashimo, wakachekwa. Sasa wanaomba tuzime mioto yetu tena, mara hii kwa ajili yao. Wapishi walitazamana. "Poleni, jamani," akasema mmoja, "lakini hilo si letu. Letu limekwisha." Nami katibu, mwenye utu wa kurasa nne, nilichambua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja. Suala moja lina nguvu ya ajabu, lakini lina mlango mmoja, na aliyekwisha kutoka huufunga nyuma yake.

Kesho yake nilipofika bandani nilikuta jiko la Mama Kulwa limezimwa. Lake peke yake. Mengine sita yalikuwa yakiwaka, na wateja wake wote walikuwa wamehamia huko. Amekaa, Shija mgongoni, michembe mapajani.

"Kwa nini, mayu? Lako si umeshalipata?"

"Siku zile tulipozima," alisema, "nilikuwa na tumbo kubwa, nina kiu, siwezi kwenda kisimani. Mwajuma alipita na ndoo yake akaniwekea maji. Hakuniuliza jiko ni la nani." Akanimegea mchembe mmoja. "Kaa basi, unanizibia upepo."

Nikakaa. Tulikaa siku nyingi kuliko tulivyodhani, na hakuna muujiza uliotokea. Wateja hawakurudi. Wapishi wengine wawili walizima siku ya nne, mmoja akawasha tena siku ya tano. Siku ya sita, kwenye saa nne asubuhi, alitokea mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mwaloni tangu nimfahamu: Mwalimu Budodi, suruali imekunjwa magotini, anasukuma baiskeli yenye mabati mawili yaliyofungwa kwa mpira. Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakuhutubia. Aliwaamkua akina mama, akauliza jua huwa linatokea upande gani, na yeye na wao wakaanza kuchimbia nguzo. Wenye mashimo waliona aibu kumzuia mzee wa watu. Kilikuwa kivuli kidogo, cha watoto tu, mama zao walibaki juani. Lakini kilikuwa kivuli. Jioni Mwalimu alikula michembe na sisi mbele ya jiko la baridi, akatafuna kwa meno yake machache, akamwambia Mama Kulwa, "Mwanangu, miaka yote nilifundisha somo hili sikuwahi kuliona." Mama Kulwa akamwambia ale, asiongee na chakula mdomoni.

Mwalimu alikufa miaka mingi iliyopita, paa la jiko lake likiwa bado linavuja. Nilichokitafuta baadaye kwenye ualimu wangu wote ni kile kilichokuwapo jioni ile kati ya wale wawili, na sijakipatia jina. Yeye alianzia juu akashuka mpaka kwenye mabati. Mama Kulwa alianzia kwenye jiko lake, akafuata ndoo ya maji mpaka kwa Mwajuma. Walikutana hapo katikati.

Basi usiku wa kuamkia mazishi, nikiwa msibani Kharumwa, niliandika wasifu mara tano. Rasimu ya kwanza ilisema marehemu alikuwa mpenda haki na mtetezi wa wanyonge. Shija aliisoma, akaikunja, akasema kwa adabu, "Ni nzuri, Mama Mdogo. Lakini anaweza kuwa mama wa mtu yeyote." Ana macho ya mama yake. Nikaichana.

Makaburini Kharumwa nilisimama na karatasi moja. Nikasoma kwamba marehemu alizima moto wake mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa ajili ya mtoto wake, ambaye ndiye huyu amesimama hapa. Mara ya pili ni kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa wake, na safari hiyo alipoteza wateja wote na hakuwahi kulalamika. Nikasema mimi nilikuwa katibu wake, na siku aliponituma nilisahau jiko, na leo nimekuja kulisema. Nikashusha karatasi. Makaburini hatupigi makofi. Nilishukuru kwa hilo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye kundi la akina mama waliojifunika khanga. Alikuwa bibi mwembamba, mgongo umepinda, kijana mrefu wa umri wa Shija amemshika mkono. Sikumtambua mpaka alipozungumza, kwa Kiswahili kile kile cha Kigoma.

"Katibu," alisema Mwajuma, "umesahau. Yule mwalimu alileta mabati. Yalikuwa mawili. Andika na hilo."

Nikaomba kalamu, nikaandika.